Kabla ya Kununua Nyumba, Mwite Mpimaji

(Hotuba ya mwanachama mmoja wa genge la njia, aliyoitoa katika mkutano wa tawi, Eldoret. Twaichapa kama alivyoisoma.)



Mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Shule yangu ni ile ya msingi ya misheni, na kazi yangu ni ya njia: nyundo, koleo, mataruma na kokoto. Lakini Bwana Katibu aliponisikia nikieleza mambo yangu wakati wa chai, alisema, "Haya usiyaweke mfukoni. Waambie wenzako, wasije wakaanguka katika shimo lile lile." Basi nimeandika kwenye karatasi, nanyi mtanisamehe nikisoma pole pole.

Neno langu ni moja. Mtu asinunue nyumba wala kiwanja mpaka kwanza amemwita mpima ardhi mwenye leseni, yule tunayemwita sarveya, akapima, akaandika alichokiona, na mnunuzi akakisoma kabla ya kutoa fedha.

JAMBO HILI LAHUSU CHAMA

Labda mmoja wenu atauliza: chama chahusika nini na kununua nyumba? Kazi ya chama si mshahara na saa za kazi? Najibu hivi: mshahara wa leo ndio nyumba ya kesho. Tukipigania nyongeza miaka mitatu, kisha mwanachama akaitoa yote siku moja kwa kiwanja kisicho chake, tumefanya kazi ya bure.

Tena sisi watu wa reli tuna shida yetu ya peke yetu. Tangu zamani tumezoea nyumba za kazini. Wako wazee waliozaliwa landhi, wakaoa wakiwa landhi, na siku ya kustaafu wakapewa barua ya kurudisha ufunguo. Katika mwaka wa 2006 reli ilipokodishwa kwa kampuni ya Rift Valley Railways, wenzetu wengi walipoteza kazi, na aliyepoteza kazi hakuwa na haki tena ya paa. Katika mwaka wa 2010 wakaaji wa Muthurwa, Nairobi, miongoni mwao wastaafu wa reli, waliambiwa watoke. Walikwenda Mahakama Kuu, na katika mwaka wa 2013 jaji alisema kwamba haki yao ya makazi ilikuwa imevunjwa. Twawapongeza kwa ushujaa wao. Lakini hapana mtu apendaye kungoja hukumu ya mahakama ili ajue atalala wapi.

Kwa hiyo kila mmoja wetu anatafuta kipande chake, na yafaa atafute. Shida ni jinsi anavyotafuta. Anatafuta jioni baada ya kazi, Jumapili baada ya ibada, na dalali yuko mbele anamharakisha.

MJI WETU ULIANZA KWA KIPIMO

Ndugu zangu, sisi wa Eldoret ndio watu wa mwisho katika Kenya kudharau kipimo. Mji huu wazee huuita Siksti Fo. Jina hilo lilitoka wapi? Palikuwa na shamba lililopimwa, likapewa namba 64 katika ramani ya mashamba ya walowezi. Hapo ndipo posta ilipofunguliwa katika mwaka wa 1910, na jina la Eldoret likaja katika mwaka wa 1912. Kabla hakujawa na duka wala barabara palikuwa na namba katika karatasi ya mpima ardhi. Leo shamba hilo ni jiji: lilipewa hati ya jiji tarehe 15 Agosti 2024.

Na reli yenyewe je? Taruma la kwanza liliwekwa Mombasa katika mwaka wa 1896. Lakini kabla ya hapo, katika miaka ya 1891 na 1892, Kapteni Macdonald na watu wake walitembea kwa miguu kutoka pwani mpaka Ziwa Viktoria wakipima njia. Walipima mto, mlima na bonde kwanza, kisha ndipo watu wakahesabu gharama. Reli yetu ilifika hapa Eldoret katika mwaka wa 1924, baada ya kupanda Timboroa, mahali palipo juu zaidi ya futi 9,000. Mwaweza kufikiri kwamba mtu aliamka asubuhi akatandika reli kule juu bila kupima? Gari lingalianguka siku ya kwanza.

Mimi mwenyewe kila siku natembea njiani na kipimo mkononi. Reli zetu hizi za zamani zapishana mita moja kamili. Zikiachana kidogo tu kupita kiasi, gurudumu lashuka, na mabehewa yote yafuata. Kwa hiyo tunapima, twapima tena, na nyapara anapima baada yetu. Hata hivyo, mtu huyu huyu apimaye njia kila siku alinunua nyumba yake bila kipimo. Sikieni.

MAMBO YALIYONIPATA

Nilikopa Shs. 600,000 katika chama chetu cha akiba. Mama watoto alikuwa na Shs. 250,000, fedha za kuku na mboga, alizoziweka shilingi kwa shilingi kwa miaka saba. Jumla ikawa Shs. 850,000. Dalali akatupeleka upande wa nje ya mji, akatuonyesha nyumba ya vyumba vitatu, jiko la nje na choo, juu ya ploti ya "hamsini kwa mia". Muuzaji alikuwa mtu mzima, mpole, akatukaribisha chai. Alituonyesha hati yenye mhuri, akatuonyesha ramani iliyotolewa kopi mpaka mistari yake ikafifia. Kisha akatembea nasi mpakani jioni: kutoka mti wa mkangazi, mpaka jiwe jeupe, mpaka ukingo wa mfereji, mpaka kona ya ua wa jirani. Nilipiga hatua kwa miguu yangu nikaona zatosha.

Mwenzangu mmoja kazini alinishauri, "Mwite sarveya." Nikauliza bei. Nikaambiwa Shs. 25,000. Nikaona ni fedha za kutupa. Nikasema, "Hati ninayo, mipaka nimeiona kwa macho yangu, huyu atakuja kunionyesha nini?" Majuto ni mjukuu, ndugu zangu.

Tulihamia. Mwaka wa kwanza tulikaa kwa furaha. Mwaka wa pili mzee jirani yangu alitaka kuwagawia wanawe ardhi yake, akamwita sarveya. Nilisimama kwenye ua nikamtazama kijana yule akiweka chombo chake juu ya miguu mitatu, kama nionavyo wapimaji wa njia yetu wakifanya. Alichimba chini karibu na nyumba yangu, akapata kile chuma cha zamani cha mpaka, kimezikwa katika saruji. Kilikuwa nyuma ya jiko langu? La. Kilikuwa mbele ya jiko langu, upande wa mlango wa nyumba.

Ploti yangu haikuwa futi 50 kwa 100. Ilikuwa futi 41 kwa 100. Jiko na choo vilisimama katika shamba la mzee. Jiwe jeupe nililoonyeshwa lilikuwa jiwe tu, lililookotwa njiani.

Usiku ule mama watoto hakusema mengi. Alisema hivi tu: "Baba watoto, reli unaipima kila asubuhi. Kiwanja chetu ulikipima lini?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Nilimtafuta muuzaji, simu yake haikupatikana tena, na waliomfahamu walisema amehama. Nilikwenda kwa mzee jirani nikiwa na aibu. Naye, Mungu ambariki, hakunitukana. Alisema, "Kijana wangu, si mimi niliyekuuzia, wala si wewe uliyeniibia. Lakini mpaka ni mpaka. Ngoja mvua zipite, ndipo uvunje." Akaniachia jiko miezi minne ili watoto wapate chakula cha moto. Wema wake nitaukumbuka. Lakini mtu asinunue nyumba kwa kutegemea wema wa jirani.

Sasa tufanye hesabu, kama mwalimu wetu wa misheni alivyotufundisha ubaoni. Futi 9 mara futi 100 ni futi mraba 900. Bei niliyotoa, ukiigawanya kwa futi mraba 5,000, ni Shs. 170 kila futi. Basi Shs. 153,000 nilinunua hewa. Kujenga jiko na choo upya kulinigharimu Shs. 118,000. Jumla Shs. 271,000. Nami nilikataa kutoa 25,000. Hasara yangu ilikuwa zaidi ya mara kumi ya ujira wa mpimaji, na mkopo wa chama cha akiba naulipa mpaka leo, pamoja na faida yake, kwa ardhi ambayo mzee analima maharagwe.

HATI NI KITU KIMOJA, ARDHI NI KITU KINGINE

Baada ya hayo nilianza kuuliza na kujifunza, nami nitawapa nilichopata.

Kwanza, hati haikuonyeshi mpaka. Hati yasema jina la mwenyewe, namba ya ardhi, na ukubwa wa kukadiria. Hapa Kenya mipaka ni ya namna mbili. Iko mipaka iliyopimwa kwa hesabu kamili, na alama zake zimezikwa ardhini. Na iko mipaka ya jumla, ambayo ramani ya daftari yaionyesha kwa kukadiria tu. Mipaka hii ya jumla ilienea hasa tangu Mpango wa Swynnerton wa mwaka wa 1954, mashamba ya wenyeji yalipokusanywa na kugawanywa: watu walipanda ua, na ua ukachorwa katika ramani. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka wa 2012 yasema waziwazi kwamba ramani ya namna hiyo ni ya kukadiria, isipokuwa pale daftari lisemapo mpaka umepimwa kamili. Kwa hiyo kopi ya ramani iliyofifia haikuambii jiko lako liko upande gani wa mstari.

Pili, katika Uasin Gishu tuna historia yetu. Haya yalikuwa mashamba makubwa ya walowezi. Baada ya uhuru wa mwaka wa 1963 mengi yalinunuliwa na vyama vya ushirika na kampuni za watu waliochanga fedha. Mtu alitoa mchango, akapata cheti cha hisa, akapiga kura, akaonyeshwa kipande chake. Wakati mwingine vipande viligawanywa kwa kamba, na ramani ikaja miaka mingi baadaye. Wakati mwingine haikuja. Watu wakajenga, wakazaa, wakauza, na aliyenunua akauza tena. Wengi wa Langas wanajua maana ya kukaa miaka na miaka juu ya ardhi uliyoilipia huku ukingojea hati. Basi ununuapo kipande kilichokatwa kutoka shamba kubwa, usiulize tu "hati iko wapi?" Uliza: "Shamba kubwa liligawanywa na nani, na fomu ya mgawanyo imesajiliwa?"

Tatu, hilo neno "eighth", yaani sehemu ya nane ya ekari. Ekari ni futi mraba 43,560. Sehemu ya nane ni futi mraba 5,445. Hamsini kwa mia ni 5,000. Basi hata ikiwa kamili, "hamsini kwa mia" si sehemu ya nane. Imepungua futi 445. Dalali husema yote mawili kana kwamba ni kitu kimoja. Mwambie aandike futi.

KAZI YA MPIMAJI NI NINI

Sarveya mwema hafanyi kazi shambani tu. Aanza ofisi ya ardhi. Atachukua ramani ya daftari na, ikiwa ipo, ile karatasi yenye vipimo kamili. Kisha aja ardhini, atafuta alama za zamani, apima umbali kutoka alama hata alama, na akikuta alama imepotea hufuata sheria ya kuirudisha. Mwisho huandika taarifa: alama hizi zipo, hii haipo, ukuta huu umevuka, barabara hii ni ya umma.

Yeye pia ndiye atakayekuonyesha mambo ambayo jicho la mnunuzi halioni: hifadhi ya barabara, njia ya waya wa umeme, ardhi ya reli, na kando ya mto. Kanuni za maji za mwaka wa 2006 zilikataza kulima au kujenga karibu na mto, kutoka mita 6 hadi mita 30 kwa kadiri ya mto wenyewe, ukipima kutoka pale mafuriko ya juu kabisa yalipofika. Mwenzetu mmoja wa bohari ya mizigo alipenda kiwanja kizuri karibu na kijito kiingiacho Sosiani. Bei ilikuwa nafuu, nyasi zilikuwa kijani hata Januari. Yeye alitoa fedha za sarveya. Sarveya akamwambia, "Nusu ya kiwanja hiki ni ya mto." Akarudi na fedha zake mfukoni. Alipoteza ujira wa siku moja ya mpimaji, akaokoa akiba ya miaka kumi. Yuko hapa ukumbini, mkitaka mtamwuliza.

Na juu ya ardhi ya reli sina haja ya kusema mengi. Sisi wenyewe ndio tuwaonao watu wakijenga vibanda kando ya njia, na sisi wenyewe twajua mwisho wake. Ingekuwa aibu mtu wa reli auziwe ardhi ya reli.

NYUMBA NAYO YATAKA KUPIMWA

Sasa, neno "sarveya" lina maana mbili, na watu huchanganya. Kule Uingereza mtu anunuapo nyumba ya zamani, ni desturi kumtuma mtaalamu wa majengo aipekue kutoka paa mpaka msingi, na huyo nao humwita sarveya. Hapa kwetu sarveya ni mtu wa ardhi. Atakuambia nyumba iko mahali pake. Hatakuambia kama itasimama. Kwa kazi hiyo mwite mhandisi wa majengo aliyesajiliwa, au kama nyumba ni ndogo na fedha hazitoshi, walau fundi mwashi mzee asiyejuana na muuzaji.

Mwatambua yule mtu wetu wa zamani aliyekuwa akipiga magurudumu kwa nyundo stesheni? Gurudumu zima lilia kama kengele. Lenye ufa lina sauti ya chungu kibovu. Nyumba nayo hupekuliwa hivyo. Tazama nyufa. Ufa mwembamba wa plasta si neno. Lakini ufa upandao mshazari kutoka kona ya dirisha, mpana hata sarafu yaingia, huo wasema msingi umekaa vibaya. Tazama ardhi. Uwanda wetu una mwamba mgumu na murramu katika sehemu nyingi, lakini mabondeni uko ule udongo mweusi ufurao wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Sisi wa genge twaujua: kokoto zazama ndani yake kila mwaka nasi twaongeza nyingine. Ikiwa udongo huo waweza kuinua reli na mataruma yake, nyumba ya matofali ni nini mbele yake? Uliza msingi ulikwenda chini futi ngapi. Panda darini uone mbao kama mchwa wameingia. Uliza maji machafu yakwenda wapi, na choo kiko mbali gani na kisima. Na uitembelee nyumba mara mbili: mara moja siku ya jua, mara moja siku ya mvua. Muuzaji mpole hupenda uje siku ya jua.

Msidhani haya ni mambo madogo. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, wakati wa mvua kubwa, nyumba ya ghorofa ilianguka Huruma ya Nairobi, si hii Huruma yetu, na watu karibu 50 wakafa. Wakuu wa serikali walieleza kwamba ilijengwa karibu mno na mto, nayo ilikwisha kuwekwa katika orodha ya nyumba za kubomolewa. Wapangaji hawakujua, au walijua wakakosa pa kwenda.

DAFTARI KABLA YA FEDHA

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya yote omba ofisi ya ardhi ikupe karatasi ya upekuzi wa daftari, yenye mhuri. Itakuonyesha jina la mwenye ardhi, kama imewekwa rehani benki, na kama mtu ameweka zuio. Lipekue daftari mwenyewe, au wakili wako alipekue. Usikubali karatasi aliyokuletea dalali. Na siku moja kabla ya kumaliza malipo, lipekue tena.

Ikiwa ni shamba la kilimo, sheria ya mwaka wa 1967 yataka kibali cha bodi ya ardhi, nacho huombwa ndani ya miezi sita tangu mapatano. Bila kibali hicho mapatano yenu ni karatasi ya kufungia sukari. Na ikiwa muuzaji ana mke, au ni mke mwenye mume, ridhaa ya mwenzake ni lazima kwa nyumba ya familia. Usiseme "hayo ni ya nyumbani kwao."

Tena tusidhani kwamba hati pekee yatuokoa. Katika Novemba 2011 nyumba nyingi zilibomolewa Syokimau, na wenyewe walisimama na karatasi zao mkononi huku matingatinga yakifanya kazi. Serikali ilisema ile ni ardhi ya uwanja wa ndege. Na katika Aprili 2023 Mahakama ya Juu kabisa, katika kesi ya kiwanja cha pwani Nyali, Mombasa, ilisema kwamba hati haitoshi yenyewe: ikiwa ardhi ilitolewa hapo mwanzo bila kufuata sheria, aliyenunua baadaye hawezi kujikinga kwa kusema yeye hakujua. Maana yake kwetu ni hii: fuata mizizi. Uliza ardhi ilitoka kwa nani, na kabla yake nani, mpaka ufike mwanzo.

Na ukiwa umekwisha nunua na ugomvi wa mpaka umetokea, usikimbilie panga, wala usikimbilie mahakama. Sheria yasema mahakama haisikii ugomvi wa mpaka wa jumla kabla ya msajili wa ardhi kuja na kuamua. Na mtu akiondoa alama ya mpaka kwa makusudi, hilo ni kosa la kushtakiwa.

VISINGIZIO VYETU

Najua mtakayosema, maana niliyasema mimi kwanza.

"Fedha hakuna." Ndugu, kama huna fedha za kupima, huna fedha za kununua. Ziweke katika hesabu tangu mwanzo, kama uwekavyo fedha za lori la kuhamia.

"Muuzaji ni mtu wa kwetu, nikipima ataona simwamini." Nyapara wangu hupima baada yangu kila siku, na hatujagombana. Mtu wa kweli hachukii kipimo. Tena chamlinda yeye pia, jirani asije akamdai kesho. Muuzaji akichukia ukimtaja sarveya, amekwisha kukupa taarifa, tena ya bure.

"Wengine watakinunua kesho." Waache. Haraka ile ya dalali ni mbuzi aliyetiwa guniani. Kama ni mbuzi mzuri, kwa nini gunia halifunguliwi?

Na jihadharini na masarveya wa mitaani. Mtu mwenye utepe na kofia si mpimaji. Sheria ya Upimaji yataka leseni, na Bodi ya Wapima Ardhi ndiyo itoayo leseni hizo. Uliza jina lake na namba yake, kisha hakikisha. Tena awe sarveya wako, aliyelipwa na wewe. Sarveya wa muuzaji ni shahidi wa muuzaji.

OMBI LANGU KWA TAWI

Bwana Mwenyekiti, sikuja kulia tu. Nina maombi matatu, naomba yaandikwe.

La kwanza: tawi liwe na orodha ya wapima ardhi wenye leseni walio karibu nasi, iwekwe ofisini kwa Katibu, mwanachama aitazame bila malipo.

La pili: wanachama wanaonunua upande mmoja wamwite mpimaji mmoja kwa siku moja, wachangie gharama. Gari lake ni lile lile, chombo chake ni kile kile.

La tatu, na hili najua litakuwa na maneno: tukiombe chama cha akiba kisitoe mkopo wa kiwanja au nyumba mpaka mwombaji alete karatasi mbili, upekuzi wa daftari na taarifa ya mpimaji. Mtu atasema huku ni kumchelewesha mwanachama. Nakubali, ni kumchelewesha. Natamani mimi ningalicheleweshwa. Na kumbukeni kwamba fedha zile si za mkopaji peke yake. Ni akiba za wajane na za wenzetu walio karibu kustaafu.

Ndugu wafanya kazi, hatukubali gari lipite juu ya njia ambayo hapana mtu aliyeikagua, hata kama dereva ana haraka. Twasimama na bendera nyekundu, naye angoja. Basi tusikubali fedha za jasho letu zipite juu ya ardhi isiyokaguliwa. Inueni bendera, mpime, ndipo muipungie ile ya kijani.

Mama watoto yuko nyuma pale. Kila Jumamosi yeye huniuliza, kwa mzaha, kama nimepima ua wa kuku. Ndiyo, mama, nimeupima: ni futi 12 kwa 8, na wote uko kwetu.